Mashine sina ugomvi nayo: uzoefu wangu wa tiba ya sumaku kichwani, Dodoma

Nyota moja. Nimeanza na nyota ili wasiopenda kusoma marefu waondoke nayo. Mnaobaki kaeni niwaeleze, maana hasira yangu haijapoa na sijui kama nataka ipoe.

Mimi ni karani wa masjala, mwaka wa 19 sasa nafungua na kufunga mafaili ya watu. Niliugua sonona. Si "msongo wa mawazo" mnaousema kana kwamba ni mafua ya wiki moja. Sonona. Nilikuwa nakaa ukingoni mwa kitanda tangu adhana ya alfajiri mpaka watoto wanarudi shule, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Silii, sina huzuni yenye jina, sina kitu. Amitriptilini ilinikausha mdomo ikanilaza kama gunia. Fluoksetini nikameza miezi, ikanichafua tumbo, mengine yakabaki palepale. Ndipo daktari akaniambia kuna kituo binafsi hapahapa mjini wana mashine ya sumaku. Jina la kituo silitaji. Wanajijua.

Wifi yangu aliposikia akauliza, "Kwa hiyo wanakupiga shoti?" Kwa mtaa wetu wa Nkuhungu hiyo ilitosha. Wiki haijaisha, midomoni mwa watu nikawa nimeshapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na Mirembe sijakanyaga. (Na ningekanyaga, kosa lingekuwa lipi? Hospitali ni hospitali.) Kwa faida ya wifi: hii si ile ya kulazwa usingizi kisha mwili ukapitishwa kwenye degedege. Hii unakaa kwenye kiti kama cha daktari wa meno, macho yako wazi, unawekewa koili upande wa kushoto wa kichwa, mbele. Sumaku inapiga, inaamsha umeme mdogo kwenye ganda la ubongo, sentimita mbili tatu kwenda ndani, basi. Ukimaliza unashuka, unapanda bajaji, unapitia Majengo kununua mlenda.

Siku ya kwanza ilikuwa tamu. Daktari mtu mzima, ananiita mama Neema, si "mgonjwa". Akawa anasogeza koili kidogokidogo, anapiga pigo mojamoja, mpaka kidole gumba cha mkono wa kulia kikaruka chenyewe. Sikukirusha mimi. Kiliruka! Nikacheka, na sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilicheka lini. Akanieleza kwamba hapo ndipo wanapopimia nguvu ya mapigo, kila mtu na kiasi chake, kisha akasogea mbele akachora alama kwenye kofia ya kitambaa niliyotakiwa kuivaa kila siku. Ishikeni hiyo alama, nitairudia. Ukikosa mahali, unampiga mtu asiyehusika.

Nywele zilikuwa hasara ya kwanza. Kwenye simu hakuna aliyenigusia. Nilifika na rasta nene, nimekaa kwa msusi Jumamosi kutwa, zimeshikwa na vibanio vya chuma. Kumbe chuma hakiingii pale, na koili inatakiwa ilalie kichwa kabisa, kwa sababu ikikaa mbali hata kidogo nguvu yake inashuka haraka. Nikafumua mwenyewe kwenye baraza yao, saa mbili nzima, upepo wetu huu wa Dodoma ukizichukua rasta mojamoja kuelekea barabarani, walinzi wanatazama. Hilo nimesamehe. Naona nimeliandika, lakini nimesamehe.

Baada ya hapo ni siku tano kwa wiki, wiki sita, jumla mara 30. Mlio wake ni kigong'ota juu ya mti mkavu: mapigo kumi kwa sekunde, kwa sekunde 4, halafu kimya cha sekunde 26, halafu tena. Dakika 37 na nusu, mapigo 3,000, masikio umeziba kwa vizibo. Kuna mtindo mpya wa dakika tatu tu, wenzetu wengine wanaupata, mimi sikuupata. Wiki ya kwanza kichwa kiliuma, panado ikatosha. Bei ni ya ng'ombe wa mnada wa Msalato, si mmoja, na wawe wamenona. Bima yangu haikutoa hata shilingi.

Sasa kijana.

Daktari, baada ya kuchora alama yake, tukawa tunamwona kwa nadra. Mashine aliachiwa kijana. Vijana sina neno nao, nina wa kwangu wa umri huohuo. Siku yenyewe sikuiandika, nadhani ni katikati ya wiki ya tatu, wakati zabibu zinauzwa kwa ndoo kila kona. Akaniweka, akabonyeza, akakaa kwenye stuli, akatoa simu. Mpira. Sauti alikuwa ameizima, ila uso wake ulikuwa unatangaza.

Ama mimi nilisinzia shingo ikalegea, ama koili ililegea yenyewe, hatujakubaliana hadi leo. Ninachojua mapigo yalihama. Yakashuka karibu na jicho. Jicho la kushoto likawa linafumba na kufumbua kwa kasi ya kigong'ota, taya likawa linagonga, gego langu lililozibwa likawaka moto. Nikainua mkono, maana ndivyo tulivyofundishwa: ukisikia vibaya, inua mkono. Hakuuona. Kilipokuja kimya nikasema, "Mwanangu, imehama." Hakuinua macho. "Vumilia mama, zimebaki chache."

Kigong'ota kikarudi. Nikachomoa kichwa.

Ndipo akasimama. Nilitegemea nini? "Pole mama." Maneno mawili, hayana kodi. Badala yake akanitazama kwa ile huruma ya mtu anayemtazama mbuzi aliyenasa kwenye waya, akasema: "Mama, mashine haina tatizo. Sonona ndivyo ilivyo, inawafanya mnaona kila kitu kibaya."

Mnaona. Kwa wingi. Jino langu, jicho langu, mkono wangu ulioning'inia hewani, vyote vikawa dalili. Ningesema paa lao linavuja ingekuwa dalili. Mgonjwa wa malaria akisema sindano imepinda, nani anamjibu kwamba hiyo ni malaria inaongea? Sisi tukifungua mdomo tu, ni ugonjwa umefungua mdomo. Tena mtu wa kwenye kiti hicho haachwi bila kutazamwa hata kidogo, kwa sababu degedege, japo ni nadra sana, inaweza kumkuta palepale. Mashine hii Anthony Barker na wenzake waliitengeneza Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Marekani wakaja kuiruhusu itibu sonona mwaka 2008. Miaka yote hiyo ya kupima na kupima tena, ije iishie kwa mtu anayesubiri kona ipigwe.

Lakini hata hilo silo. Lililonichoma ni faili.

Alivuta faili langu akaandika. Hakujua anaandika mbele ya nani. Karani wa masjala husoma karatasi ikiwa kichwa chini miguu juu, ndiyo kazi, mabosi wote huweka mafaili upande wao wa meza. Nikasoma: "Mgonjwa mkali, hatoi ushirikiano. Dalili bado zipo." Folio ya 14, yaani karatasi ya 14 ya faili.

Mkali!

Msiofanya kazi na mafaili hamjui neno kwenye faili ni kitu gani. Nimeona mtu anakaa daraja moja mwaka wa kumi kwa sababu ya sentensi ya bosi aliyeshastaafu, pengine ameshazikwa, sentensi bado inakula mshahara. Faili haliandiki kwamba siku ile kulikuwa na mechi. Kesho nikipelekwa kwa daktari mwingine, atafungua, ataniona mkali kabla sijakaa.

Nikarudi nyumbani. Sikukaa ukingoni mwa kitanda. Nikashusha mapazia nikayafua. Nikasugua masufuria yote, hadi yale ya zawadi ya harusi ambayo hayajawahi kuona moto. Nilikuwa namjibu yule kijana kwa sauti, peke yangu, jikoni, majibu mazuri kweli, yale yanayokuja ukiwa umeshaondoka. Baba Neema alipofika akasimama mlangoni na kofia yake mkononi, akauliza, "Leo umepona?"

Nilimjibu vibaya na jibu lile natamani lirudi mdomoni. Kwa sababu alikuwa ameona. Karibu mwaka mzima sikuwa na nguvu hata ya kukasirika; mwenye duka alinidhulumu chenji mbele ya macho yangu nikaona sawa tu. Sasa kama ni sumaku ndiyo iliyonirudishia hasira, wao wenyewe ndio waliokuwa wa kwanza kuionja. Kwa hiyo nyota mbili? Ngojeni kwanza.

Kesho yake nilipeleka barua. Kurasa mbili, "YAH: MAELEZO YALIYOANDIKWA FOLIO YA 14", nakala moja ya kwangu. Dada wa mapokezi akasema, "Mama, si ungeongea tu?" Niliongea, mwanangu, nikaandikwa mkali. Na sikuomba folio ya 14 ing'olewe. Folio haing'olewi, hiyo kwetu ni dhambi kubwa kuliko kuchelewa kazini. Niliomba barua yangu iwekwe juu yake, iwe ya 15, atakayefungua asome zote mbili. Wakanijibu, "Tutalifanyia kazi." Sentensi hiyo mimi nimeichapa mara ngapi?

Na nikaendelea na tiba, zote 30. Mtaniuliza nilirudi kufanya nini. Nilikuwa nimeshalipa. Halafu, wiki ya tano hivi, jirani alikuwa anakaanga vitunguu, harufu ikaruka ukuta ikaja hadi kitandani, nikaamka kwenda kumwomba. Miezi mingapi chakula kilikuwa hakinukii? Kijana naye akawa anasimama kando yangu kama askari wa benki, simu sijui anaiacha wapi, anapima alama ya kofia mara mbili, hasemi neno. Hakuomba radhi. Nikamnunia. Mpaka siku moja karibu na mwisho akasema "Shikamoo", mdomo wangu ukaitika "Marahaba" kabla sijakumbuka kwamba nimenuna.

Wana karatasi ya maswali tisa, kila moja unajipa sifuri hadi tatu, usingizi, hamu ya kula, kujiona hufai, kutamani kufa na kadhalika. Nilianza na 22, nikamaliza na 9. Daktari alifurahi kama ameshinda yeye. Nikamwambia, "Mbona hamna hata swali moja la hasira?" Akacheka, alidhani natania.

Kwa hiyo niseme nini kwenu? Mwenye sonona iliyozikataa dawa amuulize daktari wake. Mwenye chuma kichwani, au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, au historia ya kifafa, aseme mapema, asisubiri kuulizwa. Mimi imenisaidia. Mama mmoja tuliyekuwa tunapishana naye kwenye benchi alimaliza zake zote akasema haoni tofauti, na yeye kijana hakumkosea lolote, alikuwa anamsifu. Mashine, nyota nne. Kituo, moja. Sawa, moja na nusu, ile nusu ni ya marahaba.

Nilikuwa nimefika hapo nikataka kuituma. Wiki hiyohiyo nikapita kwao kuchukua nakala ya majibu yangu. Dada akafungua faili mezani, upande wake. Nikasoma kichwa chini miguu juu. Folio ya 15 ni barua yangu, imegongwa muhuri wa kupokelewa, imetobolewa vizuri, imekaa inavyotakiwa. Moyo ukalainika kabisa. Kisha nikatazama tarehe ya muhuri. Wameukosea mwaka.

Ile nusu nimeichukua.