Vikao vya ushauri nasaha kwa askari wa zimamoto, Mwanga, Kigoma

Kwa miezi minne nimehudhuria vikao vya ushauri nasaha ambavyo mnasihi mmoja anaviendesha kila Jumamosi asubuhi hapa Mwanga kwa ajili yetu askari wa zimamoto na uokoaji, nami ninawaandikia wenzangu wanaojiuliza kama kuna faida ya kutoa shilingi 5,000 ili kuketi na kuzungumza.

Mimi nilipelekwa na harufu. Usiku mmoja tulizima nyumba iliyokuwa na madumu ya mawese, tukamtoa mtoto akiwa ameshafariki, na tangu siku hiyo kila mke wangu alipobandika mawese jikoni vidole vyangu vilikakamaa kana kwamba bado nimeshika mpira wa maji, nikalazimika kutoka nje.

Ninachokithamini zaidi ni kwamba mnasihi hakuniambia hata mara moja kuwa moto ule umenikomaza. Alitueleza kazi ya wanasaikolojia wa Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, ambao mwaka 1996 walichapisha dodoso la vipengele 21 la kupima ukuaji baada ya kiwewe: uhusiano na watu, njia mpya za maisha, nguvu binafsi, mabadiliko ya kiroho na kuthamini uhai. Kwa mujibu wao, ukuaji hauletwi na janga lenyewe, bali na kule kuhangaika kujenga upya imani ambazo janga limezibomoa, na mtu anaweza kukua huku maumivu yake yangalipo. Maneno hayo ya mwisho yalinipunguzia mzigo, kwani nilikuwa nikiona aibu kuota ndoto mbaya baada ya kusifiwa kazini. Kwangu mimi uhusiano na watu ndio uliobadilika: siku hizi, tukirudi kutoka kwenye tukio, humwita kijana wa zamu tukaketi kando ya gari, nikamsikiliza kabla hajaenda kulala.

Chumba, hata hivyo, hakifai. Ukuta ni mwembamba, jirani ni fundi cherehani, na unapofika kwenye neno zito unajikuta unanong'ona. Walio zamu Jumamosi nao hukosa kikao kabisa.

Juzi nilikaa kwenye kigoda jikoni mpaka mawese yalipochemka. Nilitoka kabla mboga haijaiva, lakini nilirudi kula.