Mama lishe kwenye lokesheni: huduma nzuri, ukiagiza kwa kilo

Kwa filamu ya watu 25 inayopigwa Dar es Salaam au Bagamoyo kwa fedha za kuungaunga, mama lishe wa mtaa uleule mnaopigia picha anaushinda mgahawa. Mgahawa huleta foili za chipsi zilizokwisha kulegea kwa mvuke, kipimo kimoja kwa wote, awe mbeba taa au mwigizaji aliyekaa kivulini tangu asubuhi. Mama lishe anapakua akimtazama mlaji, na mwenye njaa akirudi anaongezewa wali na mchuzi.

Kasoro kubwa ya huduma hii iko kwenye makubaliano, wala si kwenye upishi. Prodyuza huagiza "sahani 25", na sahani haina kipimo. Ikifika saa saba mchana walaji wamekuwa 31: waigizaji wa ziada, dereva wa gari la jenereta, na mwenye nyumba ambaye hamuwezi kumnyima. Nyama inakatwakatwa upya, na wa mwisho anaambulia mchuzi. Agizeni kwa kilo. Watu 25 wanaofanya kazi za kubeba wanahitaji mchele kilo 4 hadi 4 na nusu, maharage makavu kilo 2, nyama ya mifupa kilo 5 au steki kilo 4, mboga ya majani, na ndizi mbivu 30, ambazo hazidai kisu wala sahani. Kisha ongezeni sehemu moja ya kumi kwa kila kitu. Fedha ya soko apewe jioni ya kuamkia siku hiyo, kwa kuwa huenda sokoni alfajiri na mtaji wake haubebi watu wote hao. Ujira na mkaa vihesabiwe kando.

Chakula kikiharibika, mara nyingi ni safarini. Hotpoti ioshwe kwa maji ya moto kabla ya kupakia, mchuzi uingie ukiwa unachemka, na kitambaa safi kitandazwe chini ya kifuniko cha wali, la sivyo matone ya mvuke yataugeuza bokoboko. Sufuria ya alumini iliyofungwa kanga haitoshi kwa safari ndefu. Chakula kikishuka chini ya nyuzi joto 60 kiliwe ndani ya saa mbili, na wali ndio wa kuogopwa zaidi: mbegu za bakteria wake hustahimili kuchemshwa, kisha huzaana wali ukiwa vuguvugu. Maharage ya nazi ni matamu, lakini huchacha mapema. Siku ya jua kali yaungwe kwa mafuta tu. Kachumbari isafiri bila chumvi, itiwe hapohapo.

Ugali msiuagize kama jiko liko mbali, maana ukipoa huota ngozi na kuwa mgumu. Samaki wadogo aina ya changu nao huchelewesha kazi, kila mtu akichambua miba. Mchuzi wenye manjano hautoki kwenye kanzu nyeupe, kwa hiyo mwigizaji ajifunge kanga kabla ya kushika sahani. Na mtu wa sauti atawaambia maharage huwafanya nini waigizaji kwenye tukio la kimya, maikrofoni ikiwa imebanwa kifuani.

Asubuhi, chai lita 12 na vitafunwa viwili kwa kila mtu vinatosha, sukari ikiwa kando. Kama chai ilikuwa saa moja, chakula kisipite saa saba. Nusu saa ya mapumziko ihesabiwe tangu mtu wa mwisho apate sahani. Watangulie wanaorudi kwenye vipodozi na wanaopanga taa, wengine wafuate.

Ramadhani mama lishe wengi huhamishia jiko jioni. Kubalianeni mapema juu ya tende, uji na mihogo, na ratiba isimame adhana ya magharibi inapoingia.

Usiku wa manane huduma hii inapwaya, maana jiko limezimwa tangu saa nne. Chukueni chai ya tangawizi kwenye chupa za lita 3 na chapati za jioni, mbili kwa kila mtu. Zipozwe kwanza kwenye ungo, kwani zikifunikwa za moto hutoa jasho na kugandana.