Parvalbumini au kalbindini: utie alama ipi kwenye njia ya kuona?

Zote mbili ni protini zinazonasa kalsiamu ndani ya neuroni (seli za neva), na hutumika kama alama za kutambua aina za seli. Kwa kasi ya kunasa kalsiamu, kalbindini inaongoza. Parvalbumini huchelewa: neuroni ikitulia, nafasi zake hukaliwa na magnesiamu, ambayo lazima itoke kwanza.

Ndani ya thalamasi (sehemu ya ndani ya ubongo), kwenye kituo kinachopokea ishara za jicho, parvalbumini hujaa katika matabaka makuu, ya seli kubwa na ya seli ndogo. Unatafuta zile seli ndogo mno zilizojibana katikati ya matabaka hayo? Chukua kalbindini.

Kwenye gamba la kuona (eneo la tabaka la nje la ubongo linaloshughulikia kuona) napendelea parvalbumini, maana huonyesha waziwazi seli zuizi zinazofyatua ishara kwa kasi. Kalbindini hutia rangi hafifu hata baadhi ya seli za piramidi, ambazo si zuizi, kwa hiyo kuhesabu seli zuizi kwa alama hiyo kunataka uangalifu. Ila kama kazi yako iko tabaka la 2 na la 3, usiiache kalbindini.