Nimeichambua Nobel ya Uchumi: foleni ya wazee na medali zilizopishana

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Mmezoea kuniona na simu au feni, leo nimeshika kifuniko cha chupa ya siagi ya karanga. Upana wake unakaribia milimita 66, ambao ndio upana wa medali ya Nobel ya uchumi. Yenyewe sina, msinicheke. Ile ni dhahabu, gramu 185. Hiki ni bati.

Tuanze na jina lililo kwenye boksi, maana hapo wengi wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Alfred Nobel hakuacha tuzo ya uchumi. Hii ilianzishwa mwaka 1968 na Benki Kuu ya Sweden ikisherehekea miaka 300, na ya kwanza ikatolewa 1969. Kuchagua waliachiwa Akademia ya Kifalme ya Sayansi, yenye kamati ndogo ya wasomi wa hukohuko Sweden chini ya mchumi Bertil Ohlin. Huwezi kujipendekeza mwenyewe. Wanaopendekeza wanaalikwa, na mafaili yanafungiwa miaka 50.

Utendaji sasa. Unafungua dirisha siku ya kwanza, unakuta foleni ilishajipanga miaka mingi, na wengi ni wazee. Marehemu hapewi, kwa hiyo Keynes, yule mchumi mkubwa wa Uingereza aliyefariki 1946, ndiyo basi tena. Wakaanza na Ragnar Frisch wa Norway, miaka 74, na Jan Tinbergen wa Uholanzi, 66, walioingiza hesabu na takwimu kwenye uchumi. 1970 Paul Samuelson, mchumi wa Marekani. 1971 Simon Kuznets, aliyewafundisha Wamarekani kupima pato lao la taifa. Hapo sina neno, nyota tano.

Kasoro zinaanza baadaye. 1974 walimkalisha Gunnar Myrdal, msoshalisti wao wa nyumbani, kochi moja na Friedrich Hayek wa soko huria. Simba na Yanga! Hayek akasimama kwenye karamu akasema angeombwa ushauri, angewaambia wasiianzishe kabisa tuzo hiyo. Hela alichukua lakini. Halafu 1977 nani anaitwa? Ohlin, yuleyule aliyeongoza kamati hadi 1974. Kazi yake ya biashara ya kimataifa ni nzito, sibishi, ila mpishi akijipakulia kwanza wageni wanatazamana. Na mchumi Joan Robinson wa Cambridge, Uingereza, ambaye 1975 wengi walishampa kichwani mwao, alifariki 1983 hajaitwa. Mwanamke wa kwanza alikuwa Elinor Ostrom, 2009. Miaka arobaini, jamani. Hapa nakata nyota mbili.

Kasoro ya mwisho iko kwenye medali yenyewe, sogeeni niwaonyeshe kwa kifuniko changu. Jina la mshindi halipo hapa usoni. Liko huku ukingoni, kwenye huu mzunguko mwembamba, mpaka uigeuzegeuze kwenye mwanga. Mwaka 1975 walishinda wawili, Leonid Kantorovich wa Muungano wa Kisovieti na Tjalling Koopmans wa Marekani. Pale Stockholm medali zikapishana, kila mmoja akaenda kwao na ya mwenzake. Enzi za Vita Baridi hizo, huwezi kumpa kondakta wa basi akufikishie. Wanadiplomasia walihangaika miaka minne kuzirudisha kwa wenyewe.

Na walichoshindia wazee hawa wawili? Nadharia ya kugawa rasilimali kwa ufanisi.