Krishna ya Roussel kwa filimbi: ununue au uache?

Haya watazamaji wangu, karibuni. Leo mezani nina kitabu cha nota, Joueurs de flûte cha Mfaransa Albert Roussel, vipande vinne vya filimbi na piano vya mwaka 1924. Vitatu navipita. Nimekifuata cha tatu, Krishna.

Krishna ni yule mungu wa Wahindu mwenye rangi ya buluu, mchunga ng'ombe wa Vrindavan, India. Akipuliza filimbi yake ya mwanzi, mpenzi wake Radha na wenzake wanaacha kazi zote nyumbani na kumfuata msituni usiku. Na Roussel hakuisoma India vitabuni tu. Alikuwa baharia wa jeshi, akaacha kazi akasomea muziki, na mwaka 1909 akasafiri huko na mkewe.

Alichorudi nacho kimo humu: ngazi ya raga ya Shri, raga ya jua kuchwa. Raga ni mpangilio wa sauti ambao mwanamuziki wa Kihindi hujengea muziki wake. Ukianzia do, basi re na la zinashuka nusu toni, fa inapanda nusu toni. Hebu sikia hii... Umesikia re inavyoikwaruza do? Utamu wote uko hapo.

Mdundo ni saba kwa nane, yaani mapigo saba kila kipimo, na hapo ndipo wanafunzi wanapoharibu. Wanaongeza pigo la nane bila kujua, kipande kinageuka cha kubembelezea mtoto.

Sasa tusidanganyane, hii siyo raga. Raga hutungwa papo hapo juu ya mvumo wa tanpura, ala ya nyuzi inayovuma chini mfululizo, na bansuri, filimbi ya mwanzi ya Kihindi, kwa vile haina vifunguo, huteleza kwa kidole toka sauti moja hadi nyingine. Roussel hakujaribu kuigiza hayo, na nampa heko. Ninaowalaumu ni wapigaji wanaopachika madoido ya "Kihindi" ambayo hakuyaandika. Jamani, mwacheni Mfaransa awe Mfaransa! Louis Fleury, aliyetunukiwa kipande hiki na kukipiga mara ya kwanza Paris, Januari 1925, alipewa nota zinazojitosheleza.

Bei je? Roussel alifariki 1937, kwa hiyo katika nchi nyingi haki miliki imekwisha, nota utazipata mtandaoni bure na kihalali. Za kufanyia mazoezi, chukua hizo. Chapa ya kununua ni kwa anayepanda jukwaani, macho yasihangaike na kurasa zilizofifia. Ila kabla hujalipa, tafuta kwanza mpiga piano anayeweza kuhesabu hadi saba. Huyo ndiye adimu.