Heidenau K60 Scout kwenye GS: tairi la nyuma limenifikisha kilomita 16,000

Wakuu, mi naendesha pikipiki ya BMW R1200GS ya 2014. Ina kilo 238 ikiwa na mafuta full tank, hapo bado maboksi matatu na mke wangu nyuma, halafu injini ni farasi 125, kwahiyo tairi la nyuma linateseka kweli kweli. Safari zangu ni Dar-Mbeya na nilishachoka kununua tairi kila mara, yani kilomita elfu saba tu kwisha habari yake.

Lile la kabla ya hili lilikuwa tairi laini la lami. Pembeni kashata (yale meno ya tairi) zote zipo kama limetoka dukani jana, katikati kipara. Sababu ni barabara zetu, Chalinze mpaka Mikumi umekaa wima tu, jua kali, mzigo umejaa, linalika sehemu ileile moja. Nililaza rula juu yake ikatulia kama iko mezani. Sasa tairi likishakuwa bapa hivo nenda nalo mlima Kitonga uone, pikipiki inagoma kulala kwenye kona halafu ghafla inajilaza yenyewe, na mbele yako lori la mzigo linapanda polepole. Siku ile nilifika juu mikono inatetemeka.

Nikaenda duka moja mjini nikauziwa tairi "jipya", ilikuwa 2022. Nilipofika nyumbani nikafuta vumbi kwa kidole pale palipoandikwa DOT nikakuta 2317, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Miaka mitano limekaa stoo! Mpira ulishakuwa mkavu, na hela hawakurudisha. Iliniuma sana.

Ndo nikaamua kuagiza K60 Scout za Heidenau, kampuni ya Mjerumani, saizi mbele 120/70 B19, nyuma 170/60 B17. Kilichonivutia ni lile la nyuma, katikati lina mkanda wa mpira uliojaa umezunguka tairi zima bila kukatwa, na kashata zake zina kina kirefu, kwahiyo pale tairi linapokanyaga lami ndo penye nyama nyingi. Alama ya mzigo ni 72, yani kilo 355 kwa tairi moja, hilo msilipuuze kama mnabeba abiria.

Matokeo: kilomita 16,000 ndo limegusa alama ya TWI, ile inayoonyesha tairi limeisha. La mbele bado linadai. Ruaha Mbuyuni lilipigwa msumari, nikaziba kwa ile kamba ya pancha mbele ya wale kina mama wa vitunguu, nikajaza upepo na safari ikaendelea mpaka Mbeya bila shida.

Ila mjue mnachonunua. Alama yake ya spidi ni T, mwisho kilomita 190 kwa saa, wakati tairi za kiwandani za hii pikipiki ni V, 240. Mtu wa kukimbia sana siyo lake. Linavuma kidogo ukiwa kwenye 90 hivi, na mpira mgumu haushiki lami iliyoloa kama mpira laini, kwahiyo mvua ikinyesha mi napunguza mapema na sikamati breki kwa pupa. Kilomita 200 za kwanza pia taratibu, tairi jipya linateleza.

Upepo napima asubuhi tairi likiwa baridi, mbele PSI 36 nyuma 42, geji yangu mwenyewe maana za sheli kila moja inasema lake. Na fundi msimruhusu atumie mitarimbo mitupu kwenye rimu, aweke sabuni ya kutosha na kipande cha mpira pale anapobinulia, na abalansi kabla ya kufunga.

La pili nimeshaagiza. Safari hii nimemwambia muuzaji anipigie picha zile namba nne kwanza, hela itafuata.