Ashtangahridaya au Gyüshi?

Ukiingia kwenye tiba ya Kitibeti, vitabu viwili vitakukabili mapema. Ashtangahridaya cha Vagbhata kiliandikwa India kwa Kisanskriti mnamo mwaka 600 hivi, sura 120, zote kwa beti za kukaririwa. Gyüshi ni tantra nne (yaani vitabu vinne vya mafundisho) zenye sura 156, zinazohusishwa na Yuthok Yönten Gönpo, tabibu wa Tibet wa karne ya 12.

Deni halifichiki. Mtafsiri wa Kitibeti Rinchen Zangpo (958–1055) alishiriki kukitafsiri kitabu cha Vagbhata, na Gyüshi imebeba mengi yake: upepo, nyongo na balghamu (nguvu tatu za mwili ambazo zikivurugika huleta ugonjwa), mlo wa kila msimu, hata vifungu vizima. Ndiyo maana wapo wanaoiita nakala tu.

Mimi sikubali, kwa sababu ya mapigo ya mshipa. Vagbhata hana sura ya kuyapima. Gyüshi inaifungua tantra ya mwisho kwa hilo hilo: vidole vitatu karibu na kifundo cha mkono, kwa namna inayofanana mno na ya China. Sura inayofuata ni ya mkojo, unaotazamwa ukiwa wa moto, ukiwa vuguvugu, kisha ukishapoa. Ukiwa kama maji, wenye mapovu makubwa, ni upepo. Ukiwa wa manjano ya kuelekea wekundu, wenye mvuke mwingi na harufu kali, ni nyongo.

(Watibeti wenyewe walibishana kwa karne nyingi kama Gyüshi ni neno la Buddha au kazi ya Yuthok.)

Kwa nadharia, anza na Vagbhata. Kwa kumpima mgonjwa, Gyüshi haina mpinzani hapa.